Hivi mtazamo unabadili kipato, au kipato ndicho kinabadili mtazamo? Wajuzi karibuni

Kibubu cha Mti | #1
Wakuu, salaam.
Kila kona sasa hivi ni semina. "Badili fikra, badili maisha." Kiingilio elfu hamsini, chai na sambusa mbili, unatoka umepiga makofi na malengo kumi kwenye karatasi.
Hoja yangu ni fupi: zinauza hewa. Mwenye genge la nyanya Mabibo hana tatizo la fikra, ana tatizo la mtaji. Mpe laki tano uone fikra zinavyobadilika zenyewe kabla jua halijazama.
Anayepinga alete ushahidi. Misemo ya watu maarufu baki nayo. Nataka nani alipimwa, wapi, na kilichofanyika ni kipi hasa.

Ngoja Waje | #2
Nimeshatandika mkeka. Endeleeni.

Mkufunzi wa Soko | #3
Ushahidi upo, na si wa mbali. Lomé, Togo. Watafiti walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500 wakawagawa kwa kura makundi matatu ya watu 500. Kundi la kwanza halikupewa kitu. La pili lilifundishwa biashara kwa mtindo uliozoeleka: hesabu, masoko, usimamizi. La tatu lilifundishwa namna ya kujiendesha: kuanza jambo bila kusukumwa, kutazama mbele, na kung'ang'ana kizuizi kikitokea. Nusu siku, mara tatu kwa wiki, wiki nne. Jumla saa 36. Baada ya hapo mkufunzi akawa anamfuata mtu kazini kwake mara moja kwa mwezi, miezi minne.
Matokeo yalichapishwa 2017. Kundi la tatu faida ilipanda kwa asilimia 30. La pili, asilimia 11.
Mtaji hawakupewa, Kibubu.

Shabiki wa Namba | #4
Naongeza mawili. Hiyo 11 kitakwimu haitofautishiki na sifuri, kwa hiyo usiiweke kama ushindi mdogo. Na hiyo 30 ni kwa kulinganisha na wale ambao hawakufundishwa kitu, na ilifuatiliwa kwa zaidi ya miaka miwili. Haikupimwa wiki moja baada ya kugawa vyeti.
La tatu ni la bure: gharama ilikuwa kama dola 750 kwa kila mtu. Hiyo si elfu hamsini na sambusa.

Kibubu cha Mti | #5
Asante Mkufunzi, hapo umeleta kitu. Lakini saa 36 na mtu anakufuata dukani miezi minne, huo bado ni "mtazamo"? Naona ni ujuzi umevalishwa joho. Hebu fungua, wanafundishwa nini hasa darasani?

Mkufunzi wa Soko | #6
Twende na genge lako la Mabibo.
Hatua ya kwanza, mshiriki anatoka nje, anatembelea magenge matano ya jirani, anaandika wanauza nini, bei gani, saa ngapi wanafungua, wanapanga vipi. Anarudi na karatasi. Kawaida karatasi zote zinafanana: nyanya, vitunguu, karoti, hoho, mafungu ya mia tano na elfu. Hapo ndipo mtu anaona kwa macho yake kwamba mteja hana sababu ya kumchagua yeye.
Hatua ya pili, anatafuta jambo moja tu la kutofautiana ambalo halihitaji mtaji mpya. Mfano: anachambua tenga la nyanya siku ile ile linapofika, ngumu upande mmoja, zilizoiva upande mwingine, zilizoiva sana peke yake. Hizo za mwisho hazisubiri kuoza siku ya tatu. Saa kumi jioni zinapelekwa kwa mama lishe kwa bei ya chini, maana yeye anazitaka laini za rosti.
Hatua ya tatu, lengo lenye namba na tarehe. "Kuongeza wateja" halipokelewi. "Mama lishe watatu wa kudumu kufikia tarehe 30" linapokelewa.
Hatua ya nne, na hapa wakufunzi wengi wanaruka: vizuizi vinaandikwa kabla havijatokea, kila kimoja na jibu lake. Mama lishe akitaka kukopa? Jibu limeshaandikwa. Mvua ikinyesha saa kumi? Limeandikwa.
Kinachoharibu zoezi ni mkufunzi kumchagulia mtu wazo. Akishachaguliwa, wiki ya pili likikwama anasema "wazo lako mwalimu halikufanya kazi". Linakuwa la mwalimu.

Jiko la Makaa | #7
Mkufunzi uko sawa kwenye nyanya, lakini kuna ngazi umeipita. Watu wanaanza kujadili fikra kabla hawajajua kama wanapata faida.
Chukueni biashara ya chapati, tuseme bei zikiwa hivi:
Unga kilo mbili, 4,000. Mafuta nusu lita, 3,000. Mkaa, 1,500. Chumvi na sukari, 300. Jumla 8,800.
Kilo mbili zinatoa chapati kama 22 za kawaida. Kwa mia tano ni 11,000. Faida 2,200.
Sasa nyumbani wamekula nne asubuhi. Zinabaki 18, ambazo ni 9,000. Faida imekuwa 200.
Huyo mtu jioni atakwambia "biashara ngumu, mtaji umekata". Kibubu atasema mpeni mtaji. Mkufunzi atasema mfundisheni kujiendesha. Kumbe ni chapati nne.

Kiboko ya Wabishi | #8
@Jiko la Makaa watoto wale nini sasa? Unga mbichi?

Jiko la Makaa | #9
Wale, Kiboko, tena washibe. Ila zinunuliwe. Kwenye daftari inaingia "nyumbani, 4, 2,000" kama mteja mwingine yeyote, na mwenye biashara anajipangia ujira wa siku. Ujira ukiwa elfu mbili, chapati nne zimeumaliza, hachukui tena hela kwenye kopo. Mtaji wa kesho, yaani ile 8,800, unatengwa kwanza kabla ya kuhesabu kitu kingine. Watu wanafanya kinyume: wanatumia, kinachobaki ndiyo kinaitwa mtaji.

Kibubu cha Mti | #10
Jiko umeniunga mkono bila kutaka. Hilo ni daftari, si fikra.

Mtoto wa Kariakoo | #11
Mnazunguka sana. Yule mama profesa wa Harvard, Dweck, alishamaliza kesi: ukiamini akili inakua, inakua. Ukiamini ni ya kuzaliwa, umedumaa. Basi.

Ticha wa Sehemu | #12
@Mtoto wa Kariakoo, Carol Dweck ni wa Stanford. Na hakusema "ukiamini inakua, inakua". Hoja yake ni kwamba anayeamini uwezo unajengeka anachagua kazi ngumu zaidi na anarudi mezani baada ya kushindwa. Katikati ya kuamini na kufaulu kuna kazi.
Jaribio linalofaa kulijua ni la 1998, yeye na Claudia Mueller, kwa watoto wa darasa la tano. Wakifanya fumbo la kwanza wanasifiwa. Wengine wanaambiwa "una akili", wengine "lazima ulijitahidi sana". Kisha wanapewa mafumbo magumu wote wanaanguka. Kisha rahisi tena. Waliosifiwa akili walishuka chini ya pale walipoanzia. Waliosifiwa juhudi walipanda. Walipoambiwa wawaandikie watoto wengine alama walizopata, karibu wanne kati ya kumi wa kundi la "una akili" waliongeza chumvi.
Kosa la shule zetu ni kuchukua nusu ya hilo. Ripoti ya muhula utakuta imeandikwa "Ajitahidi zaidi" masomo yote saba. Haimsaidii mtoto. Dweck mwenyewe alilionya hili 2015: kusifia juhudi tupu ambazo hazizai ni kumdanganya mtoto.
Mtoto akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, hana upungufu wa juhudi. Amejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Mwalimu anatakiwa kuandika: "Umejumlisha asili. Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3 kwanza, halafu rudia swali hili na mengine mawili." Hapo mtoto anapata njia ya kupita. Akirudia akapata 5/6, sifia ile hatua ya KDS. Mtazamo wake juu ya hesabu unageuka palepale kwenye daftari.

Shabiki wa Namba | #13
Ticha, la 1998 ni zuri lakini ni la vyumba vichache. Ukipanua inapungua. Marekani walifanya jaribio la taifa zima kwa wanafunzi zaidi ya 12,000 wa darasa la tisa, vipindi viwili vya mtandaoni vya kufundisha kwamba uwezo unakua, jumla chini ya saa moja, matokeo 2019. Wale waliokuwa chini ya wastani walipanda kama pointi 0.1 kwenye wastani wa alama zao, kipimo cha 0 hadi 4.3. Ni kidogo, ila kwa kitu cha chini ya saa moja si haba.
Uingereza mwaka huo huo, shule 101, watoto wa darasa la sita: hakuna tofauti yoyote ya maana. Uchambuzi wa 2018 uliokusanya tafiti nyingi pamoja ulikuta athari ndogo kwa jumla, ila wenye hali ngumu walionyesha kufaidika zaidi kidogo.

Ticha wa Sehemu | #14
Hujamaliza sentensi mkuu. Kwenye lile la Marekani, zoezi lilishika zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe wanaona kujaribu swali gumu ni jambo la kawaida. Palipokosa desturi hiyo, halikushika. Ukimfundisha mtoto fikra mpya halafu umrudishe kwenye darasa linalomzomea, zoezi linafia mlangoni.

Kiboko ya Wabishi | #15
Kwa hiyo mashabiki wa timu fulani ya Msimbazi nao ni mtazamo au refa? Naomba ufafanuzi wa kitaalamu.

Mtoto wa Kariakoo | #16
Kiboko usituharibie uzi. Jangwani mnajua mnachokifanya.

Ngoja Waje | #17
Hapa ndipo nilipokuwa napasubiri 😂

Mnasihi wa Jirani | #18
Turudi. Mnachanganya vitu viwili. Kuna imani kubwa juu ya maisha ("mimi si mtu wa biashara") na kuna wazo dogo linalopita kichwani ndani ya sekunde mbili kabla mtu hajaacha kufanya jambo. Kazi ya unasihi inaanza na hilo dogo, kwa sababu linashikika.
Chombo chake ni karatasi yenye safu saba. Tukio. Wazo lililopita. Hisia, kwa namba kutoka 0 hadi 100. Ushahidi unaoliunga mkono. Ushahidi unaolipinga. Wazo jipya lenye uwiano. Hisia tena, namba.
Mfano wa muuza nguo za mitumba. Tukio: mteja ameshika gauni, kauliza bei, kaondoka. Wazo: "Sina bahati, watu hawanipendi." Huzuni 80. Unaounga mkono: leo wameondoka wanne. Unaopinga: jana watatu walinunua, wawili kati ya wanne wa leo walisema hawana chenji. Wazo jipya: "Chenji imenikwamisha leo, na bei sijaibandika." Huzuni 35.
Angalieni, wazo jipya halisemi "mimi ni mshindi". Linasema chenji. Ndipo semina zinapokosea: zinabadilisha wazo baya la uongo kwa wazo zuri la uongo, na mtu akirudi sokoni ukweli unalivunja siku ile ile.
Makosa ya kawaida: safu ya wazo imeandikwa hisia ("niliumia" si wazo), safu ya ushahidi imeandikwa maoni ya watu, na karatasi inajazwa usiku wa manane tukio limeshasahaulika. Ijazwe ndani ya saa moja mbili, mistari mitano inatosha.

Kibubu cha Mti | #19
Mnasihi nakuelewa, ila mtu mwenye njaa hajazi safu saba. Mwaka 2013 walipima wakulima wa miwa kule Tamil Nadu, India. Watu wale wale, kabla ya mavuno hela imeisha, na baada ya mavuno wamelipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya kwenye vipimo vya kufikiri. Akili ile ile, mfuko tofauti. Umaskini unakula nafasi kichwani. Sasa unataka umrekebishe fikra mtu ambaye kichwa kimejaa deni la mangi?

Shabiki wa Namba | #20
Andiko hilo la miwa lilikuwa pia na majaribio ya Marekani, na kuna wataalamu waliokosoa uchambuzi wa majaribio hayo mwaka ule ule, na waandishi wakajibu. Litumie, lakini usilitumie kama nyundo.

Mnasihi wa Jirani | #21
Kibubu, jibu lako lipo Liberia. Monrovia, wanaume 999 waliokuwa kwenye wizi na vurugu za mitaani. Makundi manne kwa kura: tiba ya fikra na mienendo ya wiki nane, fedha dola 200, vyote viwili, au bila chochote. Athari ya fedha peke yake ilitoweka. Tiba peke yake ilisaidia kisha ikafifia. Vyote viwili pamoja, uhalifu ulishuka na ukabaki chini. Walipowafuata tena baada ya miaka kumi, kundi hilo bado lilikuwa na uhalifu wa kama nusu ya wenzao.
Na ile tiba haikuwa kukaa tu na kuongea. Walipewa kazi za nyumbani: kunyoa, kuvaa vizuri, kuingia benki au supamaketi na kuuliza maswali kama mteja wa kawaida. Mtu anazoea kuonekana mtu mwingine kabla hajajiamini kuwa mtu mwingine.

Mpwani wa Likoni | #22
Hamjambo huku Bongo. Mnasihi, umeleta Liberia, mimi naleta kwetu Kenya, na haikufurahishi. Vijijini, watu zaidi ya 5,000. Wengine walipewa fedha taslimu, wengine tiba fupi ya wiki tano iliyotungwa na Shirika la Afya Duniani, inayotolewa na wahudumu wa afya wa jamii, wengine vyote viwili. Baada ya mwaka mmoja, waliopata fedha walikuwa wanakula vizuri zaidi, wana mali zaidi na wana raha zaidi. Waliopata tiba peke yake hawakuonyesha tofauti. Na waliopata vyote viwili walilingana na waliopata fedha.
Kibubu, hiyo nimekupa bure. Utanilipa kwa mahamri.

Kibubu cha Mti | #23
Mpwani wewe ni mtu wa watu. Funga uzi.

Mnasihi wa Jirani | #24
Usifunge bado. Tiba ile imetungwa kwa watu wenye msongo na sonona. Kwenye jaribio hilo walipewa watu wa kawaida kijijini, wenye msongo na wasio nao. Ukimpa panadoli mtu asiyeumwa kichwa, usishangae kichwa hakijapoa.
Kwa asiyeijua: vikao vitano vya dakika 90. Kupumua taratibu kwa tumbo. Kuchagua tatizo moja linalotatulika na kulikata vipande. Kurudia kazi ndogo zilizoachwa, kama kufua au kwenda kanisani au msikitini. Kurudisha mtu mmoja wa kumwegemea. Hakuna popote unapoambiwa utakuwa tajiri.

Mpwani wa Likoni | #25
Hapo nakubali nusu. Na kwa haki niongeze: kuna zoezi lingine Kenya hii hii la vijana wa sekondari, linaitwa Shamiri, vipindi vinne vya saa moja, mara moja kwa wiki. Wanaanza na uwezo unakua, kisha shukrani, kisha maadili yako mwenyewe. Wanaoendesha ni vijana waliotoka shule juzijuzi, si madaktari. Wanafunzi 413, matokeo 2021: sonona na wasiwasi vilishuka kuliko kundi lililofundishwa mbinu za kusoma. Lakini kilichopimwa ni sonona, si kipato. Ndiyo maana mnapishana: kila mtu anapima kitu chake.

Bibi Karafuu | #26
Zimbabwe nako kuna lile benchi la bibi, tangu 2006. Mama mtu mzima anakaa kwenye benchi nje ya zahanati, anaongea na mwenye mawazo, vikao sita. Kwanza kufungua akili, kisha kuchagua tatizo moja tu, kisha kupanga hatua ya wiki. Walipima watu 573, matokeo 2016, dalili zilishuka sana. Limeshafika Malawi na hata kwetu Zanzibar. Bibi hamfundishi mtu kuwaza. Anamuuliza "Kati ya hayo kumi, la kuanza nalo lipi?" Na wiki ijayo anamuuliza amefika wapi. Huko kuulizwa tena ndiko kunakofanya kazi, kwa maoni yangu.

Kufuli Tatu | #27
Bibi Karafuu shikamoo. Umenifungulia njia.
Nyote mnabishana fikra au fedha, na mmesahau watu. Kikoba kinabadilisha mtu kwa sababu Jumamosi saa nane kuna watu ishirini wanakusubiri na hisa zako.
Mfumo wenyewe ulianzia Niger 1991 na shirika la CARE, ukasambaa. Unavyokaa: watu 15 hadi 25, wanaojuana na wanaokaa karibu. Hisa inapangwa bei ambayo mnyonge wa kundi anaweza kununua moja kila wiki, hata wiki mbaya. Kila kikao mtu ananunua hisa moja hadi tano, haongezi zaidi ya hapo, ili wenye nacho wasimeze kundi. Mkopo haupiti mara tatu ya hisa zako. Mfuko wa jamii uko kando, wa misiba na magonjwa, hauna riba. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu ambao si viongozi na hawakai nyumba moja na mtunza sanduku. Mwaka ukiisha mnagawana, mnaanza upya.
Vinavyoua kikoba ni vile vile kila mahali. Hisa kuwa ghali mno. Mwenyekiti kukopa wa kwanza. Kuhesabu fedha pembeni badala ya mbele ya wote kwa sauti. Kuruhusu mtu "atatuma baadaye kwa simu". Na kutogawana mwisho wa mwaka kwa sababu "tukuze mfuko", hapo ndipo hesabu zinapotea. Tanzania kundi sharti lisajiliwe chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne, msije kulia baadaye.
Mtu aliyekuwa anasema "siwezi kuweka akiba" baada ya vikao kumi anaweka. Hakuna aliyemhubiria.

Shabiki wa Namba | #28
Kufuli, hoja yako ina mguu. Watafiti Dupas na Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, vikundi vya kuchangiana 113, matokeo 2013. Kundi moja walipewa tu sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakabaki nao wenyewe. Fedha walizotumia kununua bidhaa za kinga ya afya zilipanda kwa zaidi ya asilimia 60. Kundi jingine ufunguo walishika watafiti, kwa hiyo hela haitoki mpaka kusudio litimie. Hilo halikufanya vizuri kwenye kinga, kwa sababu watu waliogopa kufungia hela ambayo wataihitaji kwa dharura.
Yaani kufuli lililolegea likashinda kufuli lililobana. Kinachosaidia ni kuweza kusema "hiyo hela ina kazi yake" shemeji akija kukopa.

Kiboko ya Wabishi | #29
Shemeji anahusika vipi kwenye utafiti wa watu? 😂😂 Shemeji wa nchi hii wanasakamwa.

Mpwani wa Likoni | #30
Huku kwetu chama cha kuzungushiana kina kasoro moja: zamu yako ikifika, hela yote inakuja siku moja na shemeji anaijua tarehe. Kikoba cha Kufuli kinaficha vizuri zaidi.

Mtoto wa Kariakoo | #31
Sawa, lakini kisayansi si siku 21 tu tabia inabadilika? Vumilia wiki tatu umemaliza. Kila kitu kingine ni maneno.

Ticha wa Sehemu | #32
Hiyo 21 ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura Marekani, 1960. Aliona wagonjwa wanachukua angalau siku 21 kuzoea sura mpya. Watu wakafuta "angalau", wakaifanya sheria.
Waliopima tabia kweli ni Phillippa Lally na wenzake London, watu 96, matokeo 2010. Wastani wa siku 66 mpaka jambo lijifanye lenyewe, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kutoka 18 mpaka 254. Glasi ya maji inashika haraka, mazoezi ya mwili yanachelewa. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la mwisho ndilo watu hawaambiwi: wakiruka siku ya tisa wanahesabu wameshindwa, wanaacha.

Mnasihi wa Jirani | #33
Na usiseme "nitaandika mauzo kila siku". Ifunge kwenye kitu ambacho tayari kinatokea. "Nikishafunga mlango wa kibanda, kabla sijashika simu, naandika mauzo." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ndiye aliyeichambua mbinu hii miaka ya 1990. Kiungo kiwe tendo. Saa haifai, kwa sababu saa kumi na mbili inapita hujaiona, mlango lazima uufunge. Na kimoja kwa wakati mmoja. Ukiweka vitano vinagongana.

Kibubu cha Mti | #34
Nimewasoma. Hesabu yangu mpaka sasa: Togo mafunzo bila mtaji, faida imepanda. Kenya fedha bila tiba, maisha yamepanda. Liberia vyote viwili. Kufuli anasema kundi. Jiko anasema daftari. Ticha anasema zoezi halishiki darasa likizomea. Bado nasema mtaji kwanza, lakini sasa nataka kujua: ukiwa na kikoba cha watu ishirini na fedha kidogo ya mafunzo, mafunzo yaje kabla ya mkopo wa kwanza au baada?

Mkufunzi wa Soko | #35
Kabla. Mtu akishika hela bila wazo lililojaribiwa, anaongeza tenga la pili la nyanya zile zile, zinaoza mara mbili.

Kufuli Tatu | #36
Baada. Mtu asiye na hela yake mezani hasikilizi. Mkope kidogo, elfu thelathini, marejesho wiki nne. Akishaona wapi ilivuja ndipo ana swali la kukuuliza.

Jiko la Makaa | #37
Vyovyote vile daftari liwe limeshaanza wiki mbili kabla, la sivyo hamtajua kama kitu kimebadilika. Mistari wima, safu tano: tarehe, mtaji uliotoka asubuhi, mauzo, nyumbani, kilichobaki. Daftari la kurasa 48 linatosha. Penseli hapana, kalamu, maana penseli inafutwa Jumamosi asubuhi kabla ya kikao.

Bibi Karafuu | #38
Umesahau safu ya waliokopa. Mauzo ya mdomo si mauzo.

Jiko la Makaa | #39
Kweli bibi. Safu ya sita: jina, kiasi, siku aliyoahidi. Akipitisha siku mara mbili, jina lake linapigwa mstari, hakopeshwi tena mpaka alipe.

Kiboko ya Wabishi | #40
Kwa sheria hiyo mtaa wetu wote unapigwa mstari, akiwemo mjumbe.

Mkufunzi wa Soko | #41
Mjumbe muuzie kwa fedha taslimu tu, tangu siku ya kwanza. Anayekopa halafu ana mhuri hadaiwi.